Umehamishiwa Dodoma? Mwongozo wa mwezi wa kwanza

Kila mwaka mpya wa fedha ukianza na barua za uhamisho zikianza kutembea, simu yangu haipumziki. Anapiga mtoto wa jirani wa zamani, anapiga mwalimu niliyesoma naye, anapiga shemeji wa mtu nisiyemkumbuka vizuri. Maswali ni yaleyale. Maji yapo? Ni kweli mnakula mlenda kila siku? Koti nibebe? Halafu lile la mwisho, linaloulizwa kwa sauti ya chini kama mtu anaulizia msiba: "Hivi kaka, mtu anazoea kweli?"

Anazoea. Mimi nimezaliwa Chang'ombe, hii ya kwetu, siyo ya Dar es Salaam, na sijawahi kujiona nimepungukiwa kitu isipokuwa bahari, ambayo hata Morogoro hawana ila wanajisifia kuikosa. Ila kuzoea kuna namna yake. Wengi wanaoteseka hapa wanateseka kwa makosa yaleyale matano au sita, na yote yanaepukika. Basi nimeandika mara moja. Atakayenipigia tena nitamtumia hiki, kisha nitaendelea na chai yangu.

Nadharia, moja tu

Jina la mji linatokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani imezama, imedidimia. Wengine wanasema ni tembo aliyekuja kunywa maji kwenye kijito akanasa kwenye tope. Mimi naipenda ile nyingine: wazee wa hapa walichukua ng'ombe za majirani, wakazila zote, wakabakiza mikia wakaichomeka kwenye tope. Wenyewe walipokuja kuulizia mifugo yao wakaonyeshwa mikia: jamani poleni, zimezama. Ukikaa na hadithi hiyo utatuelewa. Huu ni mji ulioteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukangoja serikali ihamie kwa zaidi ya miaka 40, ukapewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018, na muda wote huo watu waliendelea kupalilia uwele wao. Hatuna haraka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mafuta ya mgando, kopo kubwa. Hewa ya hapa ni kavu, midomo itapasuka wiki ya kwanza.
- Sweta au koti. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai upepo wa asubuhi hauna huruma.
- Madumu ya lita 20, angalau manne, na ndoo mbili zenye mifuniko. Mifuniko ndiyo muhimu.
- Miwani, ya aina yoyote, ya kuzuia vumbi.
- Viatu vya kahawia. Raba nyeupe mwachie mdogo wako.
- Ndimu. Utaona kazi yake mbele.
- Kitambulisho cha NIDA, hasa kama utakuja kwa treni.
- Neno moja la Kigogo. Nitakupa katika hatua ya pili.

Feni unaweza kuiacha. Kwa miezi mingi usiku wa hapa unalala na blanketi, na hilo ni jambo la kwanza la kumwambia mtu wa Dar akianza kukucheka.

Hatua kwa hatua

1. Fika mchana, na ujue unashukia wapi

Kwa basi kutoka Dar ni kama kilomita 450, siku nzima ya kukaa. Ukipita Kibaigwa kwenye soko la mahindi, amka, anza kuangalia mibuyu. Mabasi ya mikoani yanaishia stendi kuu ya Nanenane, kule Nzuguni. Si mjini. Atakayekwambia "ukishuka stendi tembea tu kidogo" hajaja hapa miaka mingi.

Kwa treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024, safari haifiki saa nne za kukaa. Kosa la kawaida: kumwambia ndugu akupokee "stesheni" halafu yeye akaenda stesheni ya zamani pale mjini, ya reli ya Wajerumani, akakaa kwenye benchi anakungoja na wewe uko kwenye ile mpya unamlaumu. Taja neno "ya umeme" kila unaposema stesheni.

Kama unakuja kutafuta pa kulala kwa siku chache, angalia kwanza kama Bunge lina kikao. Kile cha bajeti kinaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, na wakati huo chumba cha lodge ulichokilipia Machi kitakuwa kimebadilika bei bila kubadilika shuka.

2. Jifunze salamu kabla ya kitu kingine chochote

Neno ni *mbukwa*. Kwa mtu mmoja, mbukwa. Kwa watu wengi, *mbukwenyi*. Naye atakujibu mbukwa. Ukiulizwa habari, *swanu*, yaani nzuri. Hapo umemaliza darasa.

Mkubwa wako bado utampa shikamoo yake kama kawaida, kisha mbukwa ifuate. Usikimbie. Watu wa Dar mnasalimia huku mmeshapita, na mtu wa hapa anabaki na jibu mkononi. Simama. Uliza nyumbani, uliza mvua, uliza watoto. Dakika mbili tu, lakini hizo dakika mbili ndizo zitakazokuletea fundi bomba Jumapili saa mbili usiku, siku utakayomhitaji.

Onyo: usiigize lafudhi. Neno moja ulisemalo kwa heshima linatosha. Ukianza kuvuta maneno kama mchekeshaji, mama wa genge atacheka sana, atakuuliza kwenu wapi, na nyanya atakuuzia kwa bei ya kwenu.

3. Kariri majina ya mitaa yanayodanganya

Hii ni hatua fupi lakini imepoteza pesa za wengi.

Kuna Chamwino mbili. Moja ni kata hapa mjini, bodaboda anakufikisha kabla hujamaliza kuongea na simu. Nyingine ni Chamwino ya Ikulu, wilaya nyingine kabisa, zaidi ya kilomita 30 kwenye barabara ya Dar. Binamu yangu alipanda boda akasema "Chamwino" akaweka simu sikioni. Alipoinua macho alikuwa ameshatoka nje ya mji, mibuyu kushoto, mibuyu kulia. Alilipa kwenda na kurudi na akachelewa usaili.

Mtumba si mahali pa kununua mitumba. Ni mji wa serikali, wizara zote ziko huko, kama kilomita 17 kutoka katikati. Kikuyu hakuna Mkenya, ni mtaa wetu wa siku nyingi. Kisasa ni jina tu la mtaa. Area A, Area C na Area D ni vitu vitatu tofauti na visikilize vizuri, maana kwenye simu yenye upepo C na D vinafanana. Mimi husema "C ya chai" au "D ya Dodoma", na bado kuna watu wamepelekwa kwingine.

Nanenane ni stendi na viwanja vya maonyesho ya wakulima. Sabasaba ni soko. Usichanganye sherehe.

4. Tafuta nyumba kwa kuuliza maji, korongo na upepo

Dalali atakuonyesha vigae, jipsamu na sinki linalong'aa. Vipite. Uliza vitu vitatu.

Kwanza, *maji yanatoka siku zipi?* Siyo "yapo?" Yapo kila mahali ukiuliza hivyo. Uliza siku, na saa. Kisha usimsikilize dalali, gonga mlango wa jirani, mbukwa, umuulize yeye. Angalia kama kuna tangi na limekaa juu ya mnara au limewekwa chini kama pambo.

Pili, *korongo liko wapi?* Mvua hapa ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Ukija Agosti utaona bonde zuri la mchanga, watoto wanacheza mpira ndani yake, na nyumba yenye kodi nafuu pembeni. Hilo bonde ni mto. Unalala tu miezi saba, na ukiamka hauombi ruhusa. Angalia ukuta wa uzio kwa chini: kama kuna mstari wa udongo uliokaukia, basi maji yaliwahi kufika hapo. Tena mwangalie dalali usoni wakati unaukagua huo mstari.

Tatu, *upepo unatokea wapi?* Nenda ukaione nyumba saa tisa alasiri, siyo asubuhi. Kama kuna barabara ya vumbi upande unaotokea upepo, hiyo sebule utaifuta maisha yako yote.

Kuhusu umbali: kama kazi yako ni Mtumba, kaa upande wa barabara ya Dar, kuanzia Kisasa, Ilazo na Ipagala mpaka Nzuguni. Kama uko Chuo Kikuu cha Dodoma, Iyumbu itakufaa. Kaa Nkuhungu ufanye kazi Mtumba kama unapenda kuona jua likichomoza ukiwa ndani ya daladala. "Dakika tano tu mjini" katika lugha ya dalali ni dakika tano baada ya kufika lami.

5. Panga maji siku ya kwanza, siyo siku ya tatu

Maji yetu mengi yanatoka visimani, bonde la Makutupora, Mzakwe. Yana chumvichumvi. Hayana ubaya, ila yana tabia.

Siku ya kwanza jaza kila chombo kinachofunika. Tangi likiwepo lisafishe kabla, kwa sababu mpangaji aliyetangulia hakulisafisha. Maji ya kunywa chemsha, yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu na ule mchanga mweupe wa chini umwage. Ya kuoshea vyombo hifadhi ukamwagie mche wa mwarobaini nje. Usiseme huna mche, miarobaini hapa inaota hata usipoialika.

Chai ya siku ya kwanza itakuwa na ladha usiyoijua. Usimlaumu mpishi. Baada ya mwezi utasafiri kwenda kwenu, utakunywa chai, utasema mbona haina kitu. Hapo ujue umeanza.

Onyo: usianze kufua mashuka yote siku maji yakitoka kwa sababu umefurahi. Jaza kwanza, fua baadaye. Mgeni hufua, mwenyeji hujaza.

6. Vumbi: usipigane nalo, lipangie ratiba

Kuanzia Julai mpaka Oktoba upepo ni mkazi mwenzetu. Utaiona chamchela inazunguka kiwanjani, imebeba mifuko ya nailoni na gazeti la juzi, inakatisha barabara taratibu kama mtu anayejua anakokwenda. Usikimbie. Geuka mgongo, fumba macho, shika khanga au kofia, hesabu mpaka kumi.

Nyumbani fanya hivi. Fungua madirisha alfajiri mpaka saa tatu, kisha yafunge mpaka jioni. Usifagie sakafu kavu, unalihamisha tu vumbi kutoka sakafuni kwenda kwenye kabati. Nyunyiza maji kidogo au piga deki na tambara bichi. Nguo anika asubuhi na uanue mapema. Kwa jua hili shati linakauka kabla hujamaliza kufua suruali, kwa hiyo ukiliacha mpaka saa tisa kosa ni lako. Viatu vikilala nje vikung'ute kabla ya kuvaa. Nge naye anapenda kivuli.

7. Kula mlenda, na ule vizuri

Hapa naomba utulie, maana ndipo wageni wanapojidhalilisha.

Majani ya porini huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, hutwangwa yakawa unga, na huo unga ndio unaotuvusha kiangazi. Hupikwa kwa magadi na chumvi, mara nyingine na nyanya au karanga zilizotwangwa. Hakuna kukaanga. Utaletewa bakuli la kijani iliyokolea, linalong'aa, na pembeni ugali wa uwele au wa mtama, rangi ya kijivu, mzito. Ugali wa sembe pia unakubalika, lakini mama akikuletea wa uwele ujue amekuheshimu.

Sasa mkono.

a) Nawa. Mega tonge dogo, kama nusu ya lile unalomega kwa samaki.

b) Liviringishe, kisha libonyeze kwa dole gumba upate kishimo.

c) Chovya. Usikoroge, chovya.

d) Inua juu ya bakuli kama shubiri moja. Utaona kamba inafuata. Usishtuke na usiifukuze kwa kupeleka mkono mdomoni haraka, hiyo kamba itakufuata mpaka kwenye tai. Zungusha kifundo cha mkono nusu duara, mara moja, huku ukigusa ukingo wa bakuli. Inakatika.

e) Mdomoni. Usitafune sana. Mlenda unajua njia.

Makosa ninayoyaona: kutumia kijiko, kuinamia bakuli mpaka pua inagusana na chakula, na kumuuliza mwenyeji "hakuna mboga nyingine?" La tatu ndilo baya. Shangazi yangu alishaulizwa hivyo na bwana mmoja wa kutoka pwani. Hakusema kitu. Akaenda jikoni, akarudi na bakuli jingine la mlenda.

8. Jumamosi nenda Msalato

Mnada wa Msalato uko nje ya mji kwenye barabara ya Kondoa. Kuna ng'ombe, mbuzi, kuku wa kienyeji, nguo, masufuria na moshi. Moshi ndio uliotuleta.

Fuata utaratibu huu. Zunguka mara moja bila kununua. Chagua moto, siyo kibanda: makaa mekundu yasiyo na mwali, na mchomaji asiyekuita. Wanaoita sana wana nyama ya jana. Onyesha kipande unachotaka, kubaliana bei kabla kisu hakijagusa, kisha kaa. Utaikuta inakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, pilipili pembeni, na kila mtu anakula kwa mkono, mkurugenzi na dereva wake, meza moja. Ukiwa mgeni ofisini utajua mambo mengi zaidi hapo kuliko kwenye kikao cha Jumatatu.

Nenda na viatu vile vya kahawia. Usivae suti ya kutoka kazini. Kuna mheshimiwa mmoja nilimwona na shati jeupe limepata ramani ya mafuta kuanzia mfukoni mpaka mkandani, na bado alikuwa anatabasamu, lakini nadhani nyumbani alikuwa na maelezo ya kutoa.

9. Nunua zabibu bila kuibiwa wala kujiibia

Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mji gani mwingine nchini unakula zabibu kwenye beseni kando ya barabara kama watu wengine wanavyokula karanga? Ngoja, karanga nazo tunazo.

Namna ya kuchagua: angalia kikonyo. Kikiwa kijani, kimechumwa karibuni. Kikiwa kahawia na kimekauka, acha. Shika kichala kwa juu ukitikise kidogo. Punje zikidondoka zimechoka. Ule unga mweupe juu ya ganda mara nyingi ni wa asili, lakini osha vilevile kwa sababu vumbi nalo linapenda zabibu.

Kisha onja. Usione aibu.

"Mbukwa mama."

"Mbukwa. Onja baba, hizi za shambani kwangu."

"Mbona kali?"

"Kali ndiyo tamu. Za maji ukanunue dukani."

Anasema kweli. Zabibu nyeusi za hapa zina ganda gumu na mbegu, nyingi ni za kutengenezea mvinyo, na utamu wake unakuja nyuma ya ukali. Ukizifananisha na zile za kwenye boksi kutoka nje, utaudhika bure. Mwombe nyongeza baada ya kulipa, siyo kabla.

Onyo kubwa: zabibu za kupeleka kwenu ziweke kwenye ndoo au boksi, juu, mapajani mwako ikibidi. Mimi nilikuwa napeleka zawadi kwenye harusi ya kaka, nikaweka kilo nne chini ya begi lenye kanzu yake. Kufika Morogoro begi lilikuwa linatiririka. Kanzu ilikuwa nyeupe. Picha za harusi ziko sebuleni kwake mpaka leo, na kila nikienda ananikalisha upande unaoangaliana nazo.

10. Jioni moja, panda

Panda kuelekea chuo kikuu, Chimwaga, saa kumi na mbili kasoro. Simama pembeni mahali salama, geuka nyuma. Jua linazama kwenye vumbi, na lile vumbi ulilolitukana mchana kutwa linakuwa rangi ya papai bivu. Taa zinaanza kuwaka Area D, Ilazo, mbali kule Nala. Baridi inaanza kuingia kwenye mikono. Hakuna maelekezo zaidi hapa.

Matatizo ya kawaida na tiba zake

*Sabuni haitoi povu.* Ni chumvi ya maji. Ongeza maji ya mvua ukiyapata, au badili sabuni. Ya unga mara nyingi inashinda ya mche. Usiongeze sabuni mpaka iishe, povu halitakuja.

*Birika limeota ukoko mweupe.* Kamulia ndimu mbili kwenye maji, chemsha, acha yapoe, sugua. Hii ndiyo kazi ya ndimu niliyokuahidi.

*Damu inatoka puani asubuhi.* Hewa kavu. Paka mafuta ya mgando kidogo ndani ya tundu za pua usiku, kunywa maji zaidi, weka beseni la maji chumbani. Ikiendelea kwa siku kadhaa au ikitoka nyingi, nenda hospitali, usisubiri.

*Nguo nyeupe zimekuwa rangi ya chai ya maziwa.* Hongera, zimehamia rasmi.

*Jumapili jioni hakuna pa kwenda.* Mji unalala mapema, kweli. Nenda Nyerere Square ukakae chini ya sanamu ya Mwalimu, watoto wanakimbizana, ununue karanga. Ukisikia ngoma za mbali fuata sauti: huenda ni kina mama wa muheme, ngoma katikati ya mapaja, kwenye sherehe ya mtu, na hapa mgeni wa sherehe hafukuzwi.

*Unalalamika kuhusu foleni.* Umeshakuwa wa hapa. Magari kumi na mawili kwenye mzunguko na sisi tunapiga honi kama tumekosewa adabu. Mradi wa barabara ya mzunguko wa nje una kilomita 112.3. Tuliiona foleni ya dakika nne tukasema haivumiliki.

*Ndugu wa Dar wanakuuliza, "Vipi, umeshaenda Mirembe?"* Utani huu ni mkongwe kuliko baba yangu. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na inatibu watu wa nchi nzima, wengi wakitokea huko huko wanakotutania. Mjibu hivyo, taratibu, kisha muulize joto la leo likoje.

*Barua ya kurudi Dar imetoka na hukufurahi.* Hili halina tiba ninayoijua. Nimewaona walioagwa kwa keki, na baada ya miezi sita nawakuta Msalato, wanasema wamekuja "kufuatilia kitu." Kitu chenyewe huwa ni kiwanja. Ukifika huko, usimlipe mtu wa kijiweni kwa sababu ana ramani kwenye simu. Chukua namba ya kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya jiji ukahakiki jina la mmiliki kabla hata shilingi haijatoka, kisha nenda kwenye kiwanja chenyewe, saa tisa alasiri, ukagonge kwa jirani. Mbukwa. Muulize maji yanatoka siku zipi, na korongo liko wapi.